Kwa nini paa zinazidi kuwa nyepesi wakati biashara ya paa inazidi kunenepa?

#1 Fundi Kenchi
Wakuu salama.
Nipo kwenye kazi ya kupaua miaka mingi na kuna jambo linanikera. Kila kona kuna kiwanda kipya cha kukunja mabati. Rangi zimejaa, miundo imejaa, wateja wanapanga foleni. Lakini bati lenyewe nikilishika naona kabisa limekonda. Zamani ulikuwa unatembea juu ya paa bila kuwaza. Leo kijana akikanyaga katikati ya papi mbili (mbao zinazobeba bati), mgongo wa bati unalala na hauinuki tena.
Hoja yangu ni hii: biashara hii haikui kwa sababu ya teknolojia, inakua kwa sababu wamepunguza chuma. Anayepinga aje na sababu, matusi abaki nayo.

#2 Mtoto wa Jirani
Naweka mkeka hapa. Uzi huu utafika mbali.

#3 Rula na Bikari
Fundi, ngoja nikupe hesabu ya hilo unalolishika mkononi.
Kinu cha chuma kinauza koili (roli kubwa la bati ambalo bado halijakunjwa) kwa tani. Wewe unanunua bati kwa mita. Faida inalala hapo katikati. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tani moja ya koili yenye unene wa milimita 0.30 inatoa kama mita za mraba 424 kabla ya kukunjwa migongo. Shusha unene hadi 0.25, tani ileile inatoa kama 509. Umepata mita za mraba 85 za kuuza na hujaongeza gramu moja ya chuma.
Sasa niambie, mwenye kiwanda ataacha?

#4 Dada Skrubu
Samahani, lakini #1 na #3 mnachanganya unene na uimara. Chuma cha mabati ya siku hizi si kile cha zamani. Kuna daraja linaitwa G550, linastahimili mkazo wa megapaskali 550 kabla ya kupinda moja kwa moja. Chuma laini cha G300 kinaishia 300. Ndiyo maana wanaweza kupunguza unene na bati likabaki na nguvu. Hiyo ni teknolojia, si wizi.

#5 Kofia ya Paa
Dada Skrubu leo kaamka na megapaskali. Shemeji amekula kweli?

#6 Rula na Bikari
#4 nguvu ndiyo, ukakamavu (kukataa kubonyea) hapana. Hivi ni vitu viwili. Chuma laini na chuma kigumu vyote vina ukakamavu uleule, kama gigapaskali 200. Kuwa G550 hakufanyi bati lisibonyee chini ya kisigino. Kinachozuia ni kina cha mgongo, unene, na umbali wa papi. Sasa bati linakonda, na wateja hao hao wanataka papi zikae mbalimbali ili mbao zipungue. Mgongo lazima ulale.

#7 Dada Skrubu
@Rula sikusema bati ni sakafu ya kutembelea. Paa linapigana na upepo unaovuta kwenda juu, halipigani na kisigino cha fundi. Na fundi mwenye akili anakanyaga kwenye mstari wa skrubu, pale palipo na papi.
@Kofia ya Paa shemeji yako mzima, hofia bati lako.

#8 Mpenda Kivuli
Mimi si fundi ila nina kisa. Nilinunua bati nikaambiwa geji 28 (namba ya unene). Jamaa yangu wa karakana akaja na maikromita, akapima, ikasoma milimita 0.36. Nikarudi kulalamika. Muuzaji akaniambia kwa kujiamini kabisa, "hiyo ndiyo 28 yenyewe." Nimeibiwa au sijaibiwa?

#9 Rula na Bikari
Inawezekana umeibiwa na inawezekana hujaibiwa, na muuzaji anaujua huo mwanya vizuri.
Geji si kipimo kimoja. Kwa jedwali la Kiingereza la waya, geji 28 ni milimita 0.376. Kwa jedwali la Kimarekani la bati lenye zinki, geji 28 ni kama 0.475. Tofauti ya karibu milimita 0.1, na namba ni ileile! Halafu kuna swali la pili: je, wamepima chuma kitupu au chuma pamoja na kinga ya kutu na rangi? Chukua bati lenye kinga nzuri. Kinga kama mikroni 20 kila upande, rangi 25 juu, rangi ya mgongoni kama 10. Jumla mikroni 75, yaani 0.075 ya milimita. Hiyo 0.36 yako huenda ndani yake chuma ni 0.285 tu.
Acheni kuuliza geji. Ulizeni milimita, na ulizeni ni milimita za chuma kitupu. Muuzaji akianza kukohoa, ondoka.

#10 Mtoto wa Jirani
Kwa hiyo hata rangi wanatuuzia kama chuma. Sawa.

#11 Babu Msumari
Vijana mmeanza hadithi katikati.
Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, mwenyewe ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari. Ujanja wake ulikuwa huohuo mnaoulalamikia: chukua karatasi nyembamba ya chuma, ikunje mawimbi, ibebe mzigo ambao ikiwa bapa isingebeba. Tatizo likawa kutu. Mfaransa Stanislas Sorel akaja na hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki mwaka 1837. Hapo ndipo bati likaweza kusafiri dunia nzima.
Kwa hiyo bati kuwa jepesi si dhambi ya leo. Ndiyo sababu ya kuwapo kwake.

#12 Fundi Kenchi
Mzee wangu, heshima yako. Lakini Palmer hakuuza geji zenye majedwali mawili.

#13 Kutu Haina Huruma
Mnaangalia unene wa chuma, mimi naangalia kinga. Bati halifi kwa kuwa jembamba, linafa kwa kutu. Na hapo kampuni zimetuchezea: zamani bati la zinki liliandikwa Z275, gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba. Siku hizi wanasifia AZ150. Hiyo ni gramu 150. Karibu nusu imeondoka na tunapiga makofi.

#14 Dada Skrubu
#13 hapana, hapo unalinganisha vitu viwili tofauti kwa mizani moja.
AZ ni mchanganyiko: alumini asilimia 55, zinki 43.4, silikoni 1.6. Bethlehem Steel ya Marekani waliingiza sokoni mwaka 1972. Alumini ni nyepesi, kwa hiyo gramu 150 za mchanganyiko huo, ukizigawa pande mbili, zinatoa mikroni 20 kila upande. Gramu 275 za zinki tupu zinatoa mikroni 19. Unene ni uleule! Na kwa hewa ya kawaida mchanganyiko huo unaliwa polepole kuliko zinki.

#15 Kutu Haina Huruma
Sawa, kwenye uso. Na kwenye ukingo uliokatwa je? Zinki inajitoa mhanga, inaliwa yenyewe kwanza ili chuma pembeni yake kibaki. Ukikwaruza bati la zinki, mkwaruzo unakaa muda mrefu bila kugeuka mwekundu. Alumini ina ngozi yake ngumu, haijitoi hivyo. Kwa mafundi wanaokata kwa grainda na kuburuta bati kwenye mchanga, mimi nabaki na zinki yangu.

#16 Fundi Kenchi
Grainda umeigusa. Hili liwe onyo kwa wote, hata mkinipinga kwenye mengine. Ukikata bati kwa diski, cheche zinazoruka ni chembe za chuma cha moto. Zinatua kwenye rangi, zinazama, zinaganda. Huzioni siku hiyo. Mvua ikinyesha asubuhi unakuta paa jipya lina vidoa vya rangi ya machungwa, vidogo kama mbegu za mchicha, na mteja anapiga simu kiwandani kulalamika bati bovu. Bati si bovu. Na pale diski ilipopita, joto limekwisha kuunguza zinki pembeni, maana zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi wakati chuma kinasubiri 1,500 na zaidi. Tumieni mkasi au nibla (mashine ya kung'ata bati), na fagieni paa kabla ya kushuka.

#17 Mpenda Kivuli
Asante fundi. Nimekumbuka vidoa vya paa la jirani. Sitamwambia.

#18 Mkaguzi Mstaafu
Habari zenu. Nadhani wote mmeruka sababu kubwa ya ukuaji wa mabati: asbesto imetoka mezani.
Mwaustria Ludwig Hatschek alipata hataza ya saruji yenye nyuzi za asbesto mwaka 1901, na kwa miongo mingi shule, maghala na hospitali duniani kote vilifunikwa kwa shiti zile za kijivu. Zilikuwa rahisi, haziungui, hazipigi kelele. Ikaja kubainika vumbi lake linaleta saratani. Uingereza walipiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafunga mlango 2005, Afrika Kusini 2008. Pengo kubwa hivyo likitokea sokoni, lazima kitu kilizibe. Mabati yamelichukua kwa sehemu kubwa, na shiti za saruji zenye nyuzi za selulosi zimechukua nyingine. Hapo wala huhitaji hadithi ya koili na tani.

#19 Ua la Mbaazi
Mkaguzi, tumerithi nyumba yenye shiti hizo za kijivu. Kaka yangu anataka kuziosha kwa mashine ya maji ya kasi, kisha apige rangi. Ni salama?

#20 Mkaguzi Mstaafu
Dada, mzuie leo hii. Shiti nzima iliyotulia haina hatari kubwa, kwa sababu nyuzi zimeshikwa na saruji. Hatari ni kuivuta hewani. Maji ya kasi yanang'oa uso wa juu na kuzitoa nyuzi, kutoboa na kukata ni vilevile, kuvunja kwa nyundo ndiyo mbaya kabisa. Ikibidi kuziondoa, zinalowanishwa, zinashushwa nzimanzima, zinafungwa kwenye nailoni nzito, na kazi hiyo wafanye watu wenye barakoa sahihi. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii.

#21 Ua la Mbaazi
Nimempigia. Amenuna lakini ameacha. Asante sana.

#22 Malkia wa Vigae
Jamani mbona hakuna anayetaja wanunuzi? Watu wanapenda vigae. Ila kigae cha udongo au cha saruji kinaleta kilo 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Kenchi lazima iwe nene, mbao nyingi, ukuta wa maana. Ndipo wakatokea watu wa New Zealand miaka ya 1950 na bati lenye umbo la kigae, limepakwa chembe za mawe juu. Kilo 7 hivi kwa mita ya mraba. Unapata sura ya kigae bila mzigo wake.
Fundi Kenchi anauona wepesi kama kasoro. Kwangu wepesi ndiyo bidhaa yenyewe. Mtu hanunui chuma, ananunua paa ambalo halimlazimishi kubadilisha nyumba nzima chini yake.

#23 Babu Msumari
Binti amesema. Na pale penye matetemeko, uzito juu ya kichwa ni hatari. Kobe, Japani, mwaka 1995, nyumba nyingi za zamani za mbao zenye vigae vizito ziliwaangukia watu.

#24 Kutu Haina Huruma
Penye kimbunga ni kinyume, mzee. Paa jepesi linaondoka na upepo, na linaanzia pembeni na kwenye kona, maana huko mvuto ni mkubwa kuliko katikati. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992, kusini mwa Florida walikaza sana kanuni zao za ujenzi, paa zikiwemo. Mafundi wengi huku wanagawa skrubu sawasawa paa zima kama wanagawa peremende.

#25 Kofia ya Paa
Wengine hawagawi kabisa, wanabakisha wakauze.

#26 Fundi Kenchi
Nani huyo? Taja.

#27 Kofia ya Paa
Nimesema "wengine", mkuu. Mbona umeruka?

#28 Jua la Saa Saba
Turudi kwenye mada kabla hawajashikana. Swali langu ni la joto. Bati langu ni la kijivu cha makaa, linapendeza, ila ndani ni tanuri. Ni rangi au ni wembamba wa bati?

#29 Dada Skrubu
Rangi kwa sehemu kubwa. Unene wa chuma hauna kazi hapo, chuma cha 0.3 na cha 0.5 vyote vinapitisha joto papo hapo. Rangi nyeusi ya kawaida inaakisi asilimia 5 hadi 10 tu ya jua, nyeupe mpya inaweza kupita 70.
Lakini karibu nusu ya nishati ya jua ni mionzi ya infraredi, hatuioni. Kwa hiyo siku hizi kuna rangi zenye chembechembe zinazoakisi hiyo infraredi huku jicho likiendelea kuona kijivu au kahawia. Ukiwa unapenda giza, uliza rangi ya namna hiyo.

#30 Rula na Bikari
Naongezea kitu kinachowachanganya wengi: bati lisilo na rangi, lile linalong'aa. Linaakisi jua vizuri likiwa jipya, lakini lile joto kidogo linalolipata halilitoi kirahisi kwa mnururisho, kwa hiyo bado linachoma ukiligusa. Rangi nyeupe inaakisi na kutoa, vyote viwili. Halafu hakuna rangi inayoshinda nafasi ya hewa yenye matundu chini ya paa. Watu wanaziba kila kitu kwa silingi bodi (za dari) na fisha bodi (mbao za ukingo wa paa), joto litokee wapi?

#31 Mtoto wa Jirani
Na kelele za mvua? Kwetu mvua ikianza mazungumzo yanaahirishwa.

#32 Malkia wa Vigae
Bati lenye chembe za mawe linapunguza sana. Au weka sufi ya kuzuia joto juu ya dari, inameza kelele pia. Ila wewe bora mvua inakunyamazisha.

#33 Jua la Saa Saba
Mimi naona kinachokuja si bati wala kigae, ni umeme. California tangu tarehe 1 Januari 2020 nyumba mpya lazima ziwe na paneli za sola. Ufaransa walipitisha sheria 2016 ya majengo mapya ya biashara kuweka mimea au paneli juu. Paa limeanza kuhesabika kama mtambo. Miaka kumi ijayo tutakuwa tunabishana vitu vingine kabisa.

#34 Fundi Kenchi
Paneli na fremu zake ni kama kilo 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, na dhamana ya paneli ni miaka 25. Unaiweka juu ya bati gani? Hili la 0.25? Paneli itabaki nzima, bati chini yake limekuwa chujio. Itabidi ushushe mtambo wote ubadili paa. Unaona nilipokuwa nasema?

#35 Jua la Saa Saba
Hapo sikupingi.

#36 Mkunja Koili
Salaam. Nimesoma kimyakimya, na mimi ni mmoja wa hao wenye mashine mnaowasema. Sababu ya viwanda kuwa vingi ni rahisi kuliko zote hizo. Koili inakuja imeshapakwa kinga na rangi. Kazi ngumu imefanyika kwenye vinu vikubwa, na China peke yake inatoa zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia, na kati ya 2020 na 2024 ilitoa zaidi ya tani bilioni 1 kwa mwaka. Mimi kilichobaki ni mashine ya roli, jengo na umeme. Mteja analeta kipimo, namkatia bati refu bila kiungo kutoka kofia hadi gata. Zamani alilazimika kuunga vipande vya urefu wa kiwandani, na kila kiungo ni mlango wa maji. Hiyo ndiyo imeleta wateja.
Kuhusu unene: nina koili ya 0.25 na ya 0.45. Watu wanaingia wanauliza bei kabla ya salamu, wanaondoka na 0.25. Nifanyeje, niwakatalie?

#37 Rula na Bikari
Bati refu lina lake pia. Chuma kinatanuka mikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 12 likipanda nyuzi 50 kati ya alfajiri na mchana limeongezeka milimita 7. Skrubu imekazwa kwenye papi, haiendi popote, kwa hiyo tundu linapanuka polepole. Zile tik-tik za jioni ndizo hizo. Anza kuangalia uvujaji kwenye skrubu za mwisho wa bati.

#38 Dada Skrubu
Na kwenye wosha ya mpira. Ikikazwa sana inajikunja kama uyoga na kupasuka, ikilegea maji yanapita. Inatakiwa mpira uchungulie kidogo tu pembeni ya kisahani cha chuma. Mafundi wengi wanaiacha drili imalizie yenyewe.

#39 Kutu Haina Huruma
@Mkunja Koili umejibu vizuri, ila umetaja unene tu. Kinga je? Koili zako ni AZ ngapi?

#40 Mkunja Koili
Ile ya 0.45 ni AZ150. Ya 0.25 ni AZ50.

#41 Kutu Haina Huruma
Hesabu ya Dada Skrubu hiyo: gramu 50, pande mbili, ni mikroni 6 na kitu kila upande badala ya 20. Fundi Kenchi, bati lako halikukondeshwa chuma peke yake. Wamelivua na koti. Hapo hata mkono wako hauwezi kukuambia, maana mikroni 13 huzishiki.

#42 Mkunja Koili
Imeandikwa mgongoni mwa bati, mkuu. Sijaficha.

#43 Fundi Kenchi
Mgongoni, ambako likishapandishwa linaangalia dari. Nani atasoma?

#44 Mkunja Koili
Wewe fundi ndiye unalipandisha. Unalishika kabla ya mteja. Mbona wewe husomi?

#45 Kofia ya Paa
Sasa hapo ndipo nilikuwa nangoja tangu #2. Mtoto wa Jirani, sogeza mkeka.

#46 Ua la Mbaazi
Kabla hamjaendelea: tunaishi karibu na bahari na ndiyo tunabadili zile shiti. Tuchukue nini?

#47 Kutu Haina Huruma
Alumini yenyewe kama mfuko unaruhusu, au AZ150 yenye rangi nzuri ya PVDF (aina ya rangi inayodumu). Na osha kwa maji yasiyo ya chumvi chini ya ncha za paa, pale mvua haifiki, chumvi inajikusanya huko. Usiruhusu bomba la shaba kumwaga maji juu yake.

#48 Malkia wa Vigae
Au vigae vya udongo. Chumvi haina cha kula kwenye kigae.

#49 Dada Skrubu
Kenchi zake zilikuwa za shiti za asbesto, Malkia. Kilo 50 kwa mita utaziweka wapi? Ua la Mbaazi, leta picha ya kenchi na umbali wa papi kwanza.